Ndoto ya Mama Mkwe

"Mbona huli? Au chakula chetu kinanuka?"

Mama Taegyu aliuliza huku akitabasamu. Kwa mwaka mmoja na nusu Boram alikuwa amemzoea mwanamke huyu akiwa amenuna, na kununa huko alijua jinsi ya kukwepa. Tabasamu hili ndilo lililomtia wasiwasi.

"Nakula, Mama," alisema. Akachota supu nyepesi ya figili, akanywa maji yake tu, vipande akaviacha chini ya bakuli.

Walikuwa wanne ndani ya chumba cha pembeni cha mkahawa mmoja hapo mjini Jeonju, wameketi juu ya mito, viatu vimeachwa mlangoni. Upande huu Boram na bibi yake aliyemlea, Bibi Gannan, mwenye miaka themanini na mmoja. Upande ule mchumba wake Taegyu na mama yake. Katikati yao meza ndefu yenye vibakuli zaidi ya thelathini: kimchi ya kabichi iliyochachushwa, aina nne, mbavu za ng'ombe zilizopikwa mpaka nyama inateleza mfupani, samaki wa kukaanga, uyoga, wali uliofungwa ndani ya jani la yungiyungi. Harufu ilimvuta Boram kama mtu anayevutwa shati.

Na Boram alikuwa siku ya kumi na mbili bila kutafuna kitu.

Tusizungukezunguke. Boram alikuwa mnene. Si ule unene ambao watu husema "ana afya nzuri." Alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili, na miaka thelathini na nne. Akipanda ngazi za ofisini kwao alisimama katikati akajifanya anasoma simu. Jumatatu asubuhi, yaani keshokutwa, angelazwa juu ya meza ya daktari, wakate sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula, libaki jembamba kama ndizi. Kabla ya siku hiyo, wiki mbili za vinywaji tu, ili ini lisinyae na vyombo vya daktari vipate pa kupita. "Ukinidanganya ukala," daktari alimwambia, "ini lako litakusema. Nitakushona nikurudishe nyumbani."

Pale mezani aliyejua habari hiyo alikuwa Bibi peke yake. Taegyu hakujua. Na Taegyu ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza.

Alimwangalia sasa, akimchambulia mama yake miiba ya samaki, mabega mapana, shati jipya lililomkaba shingo. Taegyu aliendesha gari la barafu la kubeba samaki kutoka pwani. Boram alikaa kwenye simu za kampuni, saa kumi na mbili kwa siku, akiwaelekeza madereva. Taegyu alimpenda kwa sauti kabla hajamwona. "Gari namba kumi na saba, umefika wapi?" Hiyo tu. Alimwambia baadaye kwamba alikuwa anapotea njia makusudi ili aulizwe. Siku alipopanda juu ofisini na kumwona mwenye sauti, hakushtuka, hakusita. Alimwekea mezani mfuko wa machungwa, akasema, "Kumbe ni wewe."

Mtu kama huyo unamficha kitu kwa sababu moja tu. Baba yake alipasuliwa tumbo miaka tisa iliyopita, saratani, akaingia kwa miguu yake akatoka amefunikwa shuka. Mwezi wa pili wa mapenzi yao Taegyu alimshika Boram mikono yote miwili. "Nenepa, konda, baki hivyo hivyo, mimi nipo. Ila visu hapana. Niahidi." Na Boram akaahidi, maana ukipenda unaahidi mambo kabla hujayasikia vizuri.

"Bibi, na wewe ule," Mama Taegyu alisema, akimsogezea mzee mbavu. "Najua mnajiuliza. Mwaka na nusu nimekataa familia zetu zikutane, halafu Alhamisi napiga simu nasema Jumamosi. Haraka ya nini?"

"Tunajiuliza," Bibi Gannan alisema. Hakugusa mbavu. "Maana mimi niliambiwa mjukuu wangu apunguze kwanza kilo thelathini ndiyo familia zionane. Kwa ajili ya picha za harusi."

"Nilisema."

"Na uliniambia kwenye simu kwamba ana mdomo usio na kifuniko."

"Bibi!" Boram alimvuta mkono.

"Niache. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema," Mama Taegyu alijibu bila kupepesa. "Mimi nimeuza mboga sokoni miaka thelathini, sijui kuremba maneno. Mwanangu ni wa pekee. Niliona msichana anashindwa kufunga mdomo, nikawaza atafunga vipi pochi ya nyumba."

Taegyu aliweka vijiti chini. "Mama, tulikubaliana leo hakuna maneno hayo."

"Sisemi kwa ubaya. Nasema ya jana."

Bibi Gannan alijikohoza. Kila mzee ana hadithi moja aliyoificha, na Boram alijua hii imefika mlangoni.

"Huo mdomo niliufungua mimi," mzee alisema. "Vita vilinikuta nina miaka saba. Tulichemsha magome ya msonobari tukala. Mdogo wangu alikufa tumbo limevimba, ndani hamna kitu. Basi huyu alipoletwa mikononi mwangu ana miaka minne, mama yake kaenda zake, baba yake, mwanangu, kafa kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na tatu, mnene kuliko huyu mara moja na nusu, mimi nilifanya nini? Akilia nampa wali. Akicheka nampa wali. Akimaliza bakuli naongeza, asije akalala na njaa. Wewe unaona uroho. Mimi nikimwangalia naona woga wangu mwenyewe umekaa mwilini mwake. Kama ni kumtukana mtu, nitukane mimi."

Taegyu aliinama.

Boram alitaka kumkumbatia bibi yake, lakini alipoinuka kidogo ukuta ukazunguka. Siku kumi na mbili za unga wa maziwa na supu zilimpanda kichwani kwa mkupuo. Mate yakajaa mdomoni. "Samahani," alisema, akatoka akijishikilia mlango, akaenda chooni, akasimama juu ya sinki akijimwagia maji usoni mpaka dunia ikatulia.

Aliporudi, mambo yalikuwa yamebadilika.

Mto wake ulikuwa umeongezwa, sasa ni miwili. Glasi ya pombe ya mchele iliyokuwa mbele yake imeondolewa. Kimchi yenye pilipili imesogezwa mbali. Na Mama Taegyu alikuwa amehama, amekaa upande wake, akampokea kwa mikono kama yai.

"Kaa taratibu, mwanangu. Taratibu."

Mwanangu. Mwaka na nusu hajawahi kumwita hata kwa jina. Alikuwa "yule wa simu."

"Sasa nitasema kilichonileta," Mama Taegyu alianza, sauti imelainika. "Jumanne usiku niliota nguruwe."

Boram aliganda. Shuleni, kuanzia darasa la tatu mpaka la tisa, hilo lilikuwa jina lake. Alijua kabisa kwamba kwao ndoto ya nguruwe ni ndoto njema, nani asiyejua, lakini sikio halisubiri akili.

"Nguruwe jike, mweusi, mkubwa kama jokofu. Hakubisha hodi. Aliingia mlango wa mbele, akapita sebuleni, akaja akalala mapajani pangu. Mzito huyo! Nimeamka miguu imekufa ganzi. Nikasema, hii ni moja ya mbili, mali au mtoto. Asubuhi nikakimbia kununua tiketi ya bahati nasibu. Nikakosa. Hata namba moja haikulingana! Basi nikajua ni lile lingine." Alimpapasa Boram goti. "Na leo naona kwa macho yangu. Mtu hatafuni. Nyama anaigeuzia uso. Anakimbilia chooni, anarudi mweupe kama karatasi. Mimi nimezaa, jamani. Mwezi wa ngapi?"

Boram alifungua kinywa, lakini kabla hajasema alifanya kosa moja. Alimwangalia Taegyu.

Taegyu alikuwa ameamini. Uso wote ulikuwa umefunguka kama dirisha. Macho yalikuwa yamejaa maji, naye hakuyafuta, alimwangalia tu kama mtu aliyeletewa mzigo mkubwa asioweza kuamini kwamba ni wake. Mdomo ulitamka bila sauti: Kweli?

"Harusi ni mwezi ujao," Mama Taegyu aliendelea. "Kabla tumbo halijaonekana. Ingawa kwako wewe," alimtupia jicho kiunoni, "nani atatambua. Hiyo nayo ni heri. Mambo ya kilo thelathini nimeyafuta. Njoo hivyo hivyo."

Njoo hivyo hivyo. Boram alikuwa amelilia maneno hayo kwenye mto usiku mwingi. Sasa yamekuja, na angeweza kuyapokea kwa kunyamaza tu. Angeinamisha kichwa. Angeiambia hospitali ameahirisha. Mtoto angeweza kuja kweli, nani ajuaye, na asipokuja angesema mimba imeharibika, wanawake wangapi wanasema. Bibi yake angekufa akiwa amemwona ameolewa. Yote haya yalipita kichwani mwake kwa muda wa pumzi mbili.

Pumzi ya tatu alisema, "Sina mimba, Mama."

"Eeh, mwanzoni wote husema hivyo."

"Sina. Jumatatu napasuliwa. Wanapunguza tumbo la chakula. Daktari amenikataza kutafuna, ndiyo maana sili."

Mkono wa Mama Taegyu uliondoka gotini kama umeguswa na moto. Hakumwangalia Boram. Alimgeukia mwanawe, na Boram naye akageuka, akauona ule uso uliokuwa umefunguka unajifunga kidogo kidogo.

"Tumbo?" Mama Taegyu alinong'ona. "Tumbo zima, zuri, lisilo na ugonjwa, unampelekea mtu alikate?"

"Lina ugonjwa, Mama. Mwili mzima una ugonjwa."

"Na mtoto je?"

"Wamesema nisubiri mwaka na nusu baada ya hapo ndipo nishike mimba. Mwili utulie kwanza."

"Mwaka na nusu! Una thelathini na nne! Utazaa na fimbo mkononi?" Kisha akaketi wima, akaivaa ile sauti yake ya sokoni. "Sikiliza. Sikuota bure. Piga simu uiambie hospitali huendi, na mwezi ujao nakuvisha nguo ya harusi mimi mwenyewe, na unene wako wote, na mtu akicheka nitamrarua mdomo. Au nenda kwenye visu vyako, na mwanangu umsahau. Mimi sikai tena kwenye korido ya hospitali. Nilikaa mara moja."

Taegyu alisimama, akavaa viatu vibaya, kisigino kimekanyagwa, akatoka nje. Boram akamfuata.

Alimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari la barafu. Alikuwa amekuja nalo hata kwenye posa, maana hakuwa na jingine. Lilinuka chumvi.

"Uliniahidi," alisema.

"Niliahidi kabla sijapimwa sukari."

"Ungeniambia."

"Ungesemaje?"

"Ningesema usiende."

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

Taegyu alipiga bamba la gari kwa kiganja. "Kwani ni lazima? Tutakula vizuri. Tutatembea. Kila siku nikishusha mzigo nakuja tunatembea kando ya mto, wewe na mimi. Watu wanapungua, Boram."

"Mimi ndiye hao watu." Alihisi hasira inampanda, ya zamani, isiyomhusu Taegyu peke yake. "Nikiwa na miaka ishirini nilikula viazi vitamu tu, miezi mitatu. Nikapungua kilo kumi na nane, zikarudi ishirini na mbili. Nikaenda kwa tabibu wa mizizi, akanipa mifuko ya dawa nyeusi, moyo ukaenda mbio mpaka nikaanguka kwenye basi. Nikala tofu tupu. Nikafunga. Nikajiandikisha ukumbi wa mazoezi, wasichana wakanipiga picha kwa siri. Mwaka juzi nikajichoma zile sindano mpya. Zinawasaidia wengi, sikatai, lakini mimi nilitapika nikashindwa kupokea simu, na nilipoacha kilo zikarudi kama zilikuwa zinasubiri kituoni. Ukijumlisha nimepungua kilo sabini maishani mwangu, Taegyu. Sabini! Nani mwingine unayemjua amefanya kazi hiyo? Na nimerudisha tisini."

Taegyu aliinama akavivaa viatu vyake vizuri.

"Daktari Pyo, huyo atakayenipasua, aliniambia kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia. Alisema mwili hauna habari ya harusi. Ukiunyima chakula unadhani njaa imeingia nchini, unabana matumizi, unaongeza hamu, unapigana urudi pale pale. Nilikuwa napigana nao na wenyewe hauchoki. Nilimuuliza, sasa operesheni itaniponya? Akasema, 'Siuzi miujiza. Wengi wanapungua na sukari inashuka. Wapo wanaonenepa tena. Utameza vitamini maisha yako yote, na ukirudi kwenye tambi za usiku hapo kazini tutaonana tena hapa.' Nikampenda kwa sababu hakunidanganya. Baba yangu alikufa na miaka arobaini na tatu. Mimi nimebakiza tisa."

"Na ukifa Jumatatu?"

Lilikuwa swali lenyewe. Mengine yote yalikuwa maganda.

"Nikifa Jumatatu nitakuwa nimekufa nikijaribu," Boram alisema. Akajuta papo hapo, maana Taegyu alikuwa ameziba uso.

Alisema kutoka nyuma ya viganja. "Unakumbuka tulipoenda pwani, tukalala ile nyumba ya wageni? Asubuhi ukaniuliza kwa nini macho yangu mekundu."

"Ukasema mbu."

"Februari, Boram, katikati ya baridi kali. Mbu wa wapi? Sikulala. Ulikuwa unakoroma, halafu ghafla unanyamaza. Kimya. Nikaweka kidole chini ya pua yako. Hakuna kitu. Nikahesabu mpaka thelathini na nane. Kisha ukavuta hewa kama mtu anayetoka majini. Dakika mbili, tena. Nilikaa na kile kidole mpaka kukapambazuka."

Boram alimtazama. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa nikikuambia utakimbilia hospitali, watakukata."

Mtu angeweza kucheka, wapenzi wawili kila mmoja amemficha mwenzake kifo kile kile. Hawakucheka. Boram alimsogelea, akamwondoa mikono usoni. Ilikuwa baridi, mikono ya barafu, mikono aliyoijua.

"Mama amekukubali," Taegyu alisema kwa sauti ndogo. "Umemsikia. Hajawahi kusema vile. Ahirisha mwezi mmoja tu. Tuoane kwanza."

"Mama yako hajanikubali mimi. Amemkubali mtoto ambaye hayupo. Mwezi ujao atauliza mtoto yuko wapi, nami nitaahirisha mwezi mwingine." Alimshika mashavu. Alitaka kumbusu na alitaka kumpiga. "Nakupenda. Nakupenda mpaka naona aibu. Lakini Jumatatu naenda."

"Siwezi kukaa kwenye ile korido. Miguu haitanipeleka. Nakwambia ukweli."

"Usikae. Sikuombi ukae. Naomba usinizuie."

Taegyu alimwangalia kwa macho ya mtu aliye upande wa pili wa barabara yenye magari mengi, kisha akaangalia chini. Boram akarudi ndani, akamvalisha bibi yake viatu, akaita teksi. Mama Taegyu alikuwa bado ameketi palepale mbele ya vibakuli thelathini. Hakuinua uso.

Jumapili alilazwa. Bibi alikuja naye, akaketi kwenye kile kitanda kifupi cha muuguzaji kinachovutwa chini ya kitanda cha mgonjwa, miguu yake haifiki sakafuni, akamenya pea ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulila. Boram aliangalia simu kila dakika. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Alijilaza akaamka. Alikwenda dirishani kuona maegesho, akajiambia anaangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Jumatatu saa nne asubuhi wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Korido ilikuwa tupu. Alihesabu taa za darini mpaka mlango ukafungwa.

Kitu cha kwanza alichokiona alipozinduka ni soksi. Moja ya kijivu, moja nyeusi. Zilikuwa zinatikisika pale kwenye kitanda kifupi, kwa sababu mwenye nazo magoti yalikuwa yanamtetemeka.

"Bibi nimempeleka nyumbani alale," Taegyu alisema. Uso haukuwa na damu. "Nilikuwa chini kwenye gari tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikasema sipandi. Nikasema hivyo mpaka saa tano. Halafu nikaona naweza kutetemeka hata huku juu."

Boram alikuwa na koo kavu kama gunia. Alitoa mkono nje ya shuka, akaushika wa Taegyu. Hakuuachia.

"Mama je?" aliuliza.

"Hajui niko wapi. Nimezima simu."

Jumanne asubuhi aliiwasha, na ilikuwa haijakaa dakika tano ikalia. Mama Taegyu alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo hakukuwa na siri. Wagonjwa wote sita wa wodi walisikia.

"Ameshajamba?"

"Mama!"

"Mama nini? Nauliza jambo la maana. Ameshajamba au hajajamba?"

Mwanamke wa kitanda cha jirani alijifunika shuka akicheka. Taegyu aligeukia ukuta, masikio mekundu. "Bado."

"Walimtoa saa ngapi jana?"

"Karibu saa sita mchana."

Sauti iliyofuata haikuwa ya sokoni tena.

"Mwinue. Atembee. Akisema anaumia, mwambie aumie, atembee. Baba yako alisema anaumia, nikamwonea huruma nikamwacha alale. Daktari kila akipita anauliza, ameshatoa hewa, matumbo yameamka? Nasema bado. Siku nne, Taegyu. Siku nne nimeinamisha sikio kwenye shuka la mume wangu nikisikiliza. Hakujamba." Alivuta pumzi. "Usimwonee huruma yule msichana. Umenisikia? Mwinue!"

Taegyu alisimama na simu sikioni. Boram alikuwa ameshakaa. Matundu matano tumboni yalimchoma kama makaa, jasho likamtoka, lakini aliteremsha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Nimesimama, Mama," alisema kwa sauti, simu isikie.

"Nani huyo? Wewe? Unaongea nini, tembea!"

Walitoka kwenye korido. Mkono mmoja Boram alishika nguzo ya dripu, mwingine bega la Taegyu. Simu Taegyu aliitia mfuko wa shati lake, haijakatwa. Mara ya kwanza walifika dirishani. Mara ya pili walifika kwenye meza ya manesi. Taegyu alikuwa anahesabu hatua kwa kunong'ona, na kila walipopita mlango wa chumba cha upasuaji alifumba macho, akaongozwa na Boram.

"Mmefika wapi?" mfuko wa shati uliuliza.

"Dirishani tena, Mama."

"Daktari alisema mwaka na nusu kweli? Si miwili?"

"Mwaka na nusu," Boram alijibu, anahema.

"Nitakuwa na sitini na tisa," sauti ilisema, kwa kunung'unika, kama mtu anayepima gunia. "Haya. Tembea."

Mzunguko wa tano, karibu na mashine ya maji, ikatoka. Haikuwa kubwa. Lakini korido ilikuwa kimya, na Taegyu aliisikia, akasimama kama aliyepigwa na radi. Boram alitaka ardhi immeze. Badala yake aliona yule mwanaume mwenye mabega mapana anaketi chini palepale sakafuni, soksi zake mbili tofauti zimenyooka mbele, analia kwa sauti bila kujificha.

"Nini? Kuna nini huko?" mfuko ulipiga kelele. "Taegyu! Kafa? Nijibu!"

Boram aliinama kadiri matundu yalivyomruhusu, akaitoa simu.

"Nimejamba, Mama," alisema.

Upande wa pili alisikia kiti kinavutwa, na mwanamke mzima akiketi kwa uzito, na pumzi ndefu, ndefu sana, ya mtu aliyeinamisha sikio miaka tisa.

"Vizuri, mwanangu," Mama Taegyu alisema. "Sasa usinywe maji kwa pupa."